Seli Nyepesi za Mama

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mzito ajabu. Akibandika chai asubuhi, jitayarishe kuinywa mchana. Mimi ni mwepesi, nimemfuata mama, na uzito wa wifi ulimkera mama kuliko wote. Mama akikereka, hata jirani hapumziki.

Kazi ya wifi ni kulea seli maabarani. Wanachukua seli za ngozi, wanazirudisha utotoni, kisha wanazifundisha kuwa za moyo au za neva. Alipotakiwa mzee wa kutoa kipande cha ngozi, mama alijitolea kwa mbwembwe. Alipoiona sindano akapiga yowe, mlinzi wa getini akaja mbio. Mama akaapa kwamba harudii tena maisha yake yote.

Ngozi ile ikazaa visahani viwili vya seli. Kimoja kilijaa upesi, cha pili kilijikokota. Kila jioni mama alidai habari.

"Wangu wanaendeleaje?"

"Wa kwanza wamejaa tena, mama. Wa pili bado bado."

"Wa kwanza ndio damu yangu! Hao wazembe wamekufuata wewe. Watupe."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wifi akajibu atawatupa kesho. Kesho yake akasema kesho.

Ikafika siku ya kukagua kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Kumbe zile seli nyepesi zilijiongezea kromosomu moja, na hiyo ndiyo iliyozipa mbio. Seli za hivyo hazifai kuwekwa kwenye moyo wa mtu, zinaweza kugeuka uvimbe. Wifi akazimwagia dawa zikafa, akarudi nyumbani macho mekundu. Nilimwonea huruma, nakiri.

"Wale wepesi wameharibika, mama. Nimewaua mwenyewe."

Mama akashika kovu la mkononi kana kwamba sindano imeshaingia mlangoni. "Sasa mtanikata tena?"

"Hapana. Wale wa polepole ni wazima, kromosomu zao zimetimia."

"Si nilisema uwatupe?"

"Nilichelewa, mama."

Mama akamsogezea wifi kiti chake mwenyewe. Nyumba yetu haijazoea hayo, tukabaki tunatazamana.

Asubuhi chai ilichelewa kama kawaida. Nikaanza kunung'unika na kugonga kikombe mezani. Mama akanikata jicho.

"Mwache mwanangu apike chai," akasema. "Wewe mwenye mbio, umeshakaguliwa?"