Liwa Ndani ya Losheni

Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona vitu viwili vimekaa mbalimbali nisijiulize vikikutana vitakuwaje. Ndiyo maana majira ya baridi yale friji yetu huku ughaibuni, Thornton Heath, ilijaa chupa za jamu zenye namba, na mume wangu akawa hali kitu humo bila kukinusa kwanza.

Sababu ilikuwa ngozi ya binti yetu. Alikuwa na miaka kumi, na hita zikishawashwa tu, nyuma ya magoti yake hukauka, hupasuka, hutoa damu. Akawa hataki kwenda kuogelea na wenzake wa shule, asije akatazamwa. Daktari alitupa losheni nyeupe ya chupa ya kubonyeza, haina harufu hata kidogo. Ilisaidia kidogo, kisha ikagota palepale. Nikasema, hebu tuitie nguvu.

Kwetu Tanga kuna liwa, mti wa kunukia. Bibi yangu alikuwa akisugua kijiti chake kwenye jiwe kwa marashi ya mawaridi, taratibu, mpaka kitoe uji laini, ndio anaopakwa biharusi mwili mzima. Liwa inapoza, hilo halina ubishi. Basi nikapanda treni hadi Southall, kwenye duka la mama mmoja Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, nikanunua unga wa liwa, manjano na marashi. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha huko, “Kuna harusi?” Nikacheka tu. Laiti ningemweleza.

Namba moja ilikuwa na chembechembe, unajipaka utadhani unajisugua kwa mchanga. Namba mbili ilikatika kama maziwa, maji juu, uji chini. Namba tatu niliitia manjano kijiko kimoja tu, wallahi kimoja, na kesho yake kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi msimamizi akanishika viganja akaniuliza kama ini langu lina tatizo. Nilifurahi ajabu. Kila kosa lilikuwa linanifundisha kitu, na mimi shuleni hakuna aliyewahi kunipa maabara.

Namba nne ikakubali. Liwa niliipitisha kwenye chujio la chai mara tatu, marashi nikayatia tone kwa tone huku nakoroga. Ikawa laini, inanukia mpaka kwenye ngazi. Nilijipaka mkononi siku mbili, sikuwashwa. Nikaijaza yote kwenye ile chupa ya losheni, nikatikisa.

Binti akirudi shule, na mimi kabla sijaondoka kwenda zamu, tulikuwa tunakaa ukingoni mwa kitanda chake, miguu yake mapajani mwangu. Nampaka, ananihadithia: nani kanuniana na nani, mwalimu gani amelia darasani. Yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, na tunaelewana vizuri tu. Wiki ya kwanza niliona ngozi imetulia, nikajisifu kwa mume wangu mpaka akaniomba nipumzike.

Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, nikamkunja goti nikakuta pamevimba, pekundu, vipele vina usaha. Nikaifungua chupa, nikaingiza pua. Chini ya harufu ya waridi kulikuwa na uchachu. Alaa! Daktari akasema ngozi imeingiwa na vijidudu, akatupa dawa, akanikataza kumpaka kitu kingine chochote.

Kesho yake nikarudi Southall, maana nisipojua sababu silali. Yule mama akanisikiliza, kisha akauliza, “Ulikoroga lini?”

“Kama wiki mbili.”

“Wiki mbili! Mama wewe! Liwa ikishalowa ni ya leo. Nyanya yako alikuwa anaiweka?”

Hakuiweka hata siku moja. Bibi alisugua mpya kila asubuhi. Iliyobaki ilimwagwa, na mmwagaji nilikuwa mimi mwenyewe, kila siku, nyuma ya nyumba. Nilikumbuka jiwe, nikakumbuka marashi, hilo la kumwaga nikalisahau. Nikaona hizo chupa za jamu zilikuwa ni mchezo wangu, na nimeuchezea kwenye miguu ya mtoto.

Nyumbani nikamkuta kitandani anasoma. Nikamuuliza, “Ile dawa ilikuwa inakuchoma?”

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Jumatatu.”

Siku tano! Hasira zikanipanda, za kujikasirikia mwenyewe, lakini zikamwangukia yeye. “Siku tano unaungua umenyamaza? Mdomo huna? Kwa nini hukuniambia?”

Akavuta shuka juu ya magoti. Akanijibu kwa Kiingereza chake, sauti ndogo, hanitazami:

“Ningekuambia, ungeacha kukaa na mimi hapa kitandani.”