Kahawa Kwenye Maiki

Siku ya kwanza kazini niliripoti Kayanga asubuhi, hedifoni zangu zikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Kampuni, watengenezaji wa vipindi vya televisheni, ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vikubwa, kimoja cha kurekodia vichekesho, kingine cha vipindi vya mazungumzo. Nilitokea kwenye kurekodi kwaya za usharika, kwa hiyo nilijiona najua kila kitu. Mtayarishaji Mkuu, mama asiye na utani hata kidogo japo utani ndio uliomlisha, alinitazama akasema, "Fundi, picha mbaya watu wanavumilia. Sauti mbaya wanahamisha chaneli." Maneno hayo niliyashika mno, na ndiyo yaliyoniponza.

Miaka ya mwanzo niliwekwa upande wa vichekesho. Nilishika maiki ya fimbo juu ya vichwa vya wachekeshaji bila kivuli chake kuonekana, na mwisho wa kila tukio nilirekodi sauti ya chumba, yaani dakika nzima ya kimya, ili mhariri apate cha kuzibia mapengo. Tulipokwenda kurekodi kijijini Ihanda, majogoo waliowika katikati ya kimya hicho walinifundisha uvumilivu. Baadaye nikahamishiwa mazungumzo, tukawa tunawafuata wageni majumbani mwao, kuanzia Kituntu hadi vijiji vya Kyerwa. Huko tulitumia maiki ya kola, ile ndogo inayobanwa kifuani, ambayo husikia hata mtu akimeza mate.

Ndipo tukaenda Chonyonyo kwa Mwalimu Deogratias, mstaafu aliyesifika kuchekesha harusini kuliko wachekeshaji wetu wote. Alikuwa anaumwa, na binti yake Adela alitusihi tuwahi. Tulipoketi, Adela akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mimi ni Mnyambo, najua kwetu mazungumzo huanzia hapo. Lakini punje zile zikitafunwa karibu na maiki ya kola, utadhani mtu anakanyaga changarawe. Nikamwambia airudishe jikoni.

"Tutatafuna tukimaliza, Mwalimu," nikasema.

"Haya, mwanangu."

Alihojiwa nusu saa nzima. Alijibu kwa adabu na kwa ufupi, kama anajaza fomu. Mtu aliyezuiwa kukaribisha wageni nyumbani kwake angeanzaje utani? Sikuliwaza hilo. Nilitazama kipimo cha sauti, nikaona kimetulia, nikafurahi.

Nilipozima mtambo, kahawa ikarudi. Mwalimu akagawa, akatafuna, akafunguka. Alisimulia alivyokwenda kuposa, akaingia nyumba ya jirani kwa makosa, akakubaliwa kabla hajatambua alipo. Alicheka mwenyewe mpaka akashika mbavu. Mwongozaji wetu wa kipindi akaninong'oneza, "Washa."

Nikatikisa kichwa. "Ana kahawa mdomoni. Tutarudi wiki ijayo."

Kabla wiki haijaisha, Mwalimu alifariki.

Tangu hapo niliwaacha wageni watafune. Wahariri walinilalamikia mpaka nastaafu, na sikuwajali. Sasa niko shambani kwangu na migomba yangu, na vijana wakija kuniuliza siri ya sauti nzuri, nawaambia mgeni kwanza, kipimo baadaye. Wananiona nimezeeka.

Mwaka jana Adela alikuja kuomba nakala ya mahojiano yale. Aliyasikiliza yote, akavua hedifoni.

"Hakuna mahali anacheka?"

"Hakuna."

"Wanangu walizaliwa hayupo tena. Nilitaka wamsikie akicheka."

Nikamwambia ukweli wote, kwamba alicheka sana siku ile na mimi ndiye niliyekataa kuwasha. Iliniuma kuusema. Adela akanirudishia hedifoni, akasema, "Basi, baba, watakuja kwako uwasimulie."

Huja kila likizo, wawili, wakaketi kwenye mkeka mbele yangu. Nawasimulia ile ya kuposa kama alivyoisema Mwalimu, neno kwa neno. Bado hawajacheka.