Butoyi Alipopimwa Mara Mbili

Mwenye bucha wa mtaani kwangu hapa Kasulu bado anapima nyama kwa mizani ya kuning'iniza. Akitundika kipande, ndoano inalia kidogo, krii, halafu mshale unatikisika na kutulia. Wateja wengine wanaukodolea macho ule mshale wasipunjwe. Mimi nageuza uso. Yeye anadhani ninamwamini, na nina hakika ananipunja kwa sababu hiyo hiyo.

Mlio ule naujua tangu nikiwa na miaka minane, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nyakitonto. Mizani ya watoto ilitundikwa kila mwezi kwenye boriti ya ghala la kahawa, ndani ya harufu ya magunia na vumbi la maganda. Mtoto alivalishwa bukta ya turubai yenye mikanda, akaning'inizwa, akalia. Bukta ilikuwa moja kwa kijiji kizima. Ilipofika saa nne ilikuwa imelowa chapachapa, na mama zetu walitaniana kwamba anayetaka mtoto wake aongezeke uzito achelewe kuja.

Aliyepima alikuwa Dada Skola, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa mkulima wa maharage kama sisi sote. Alichaguliwa kwenye mkutano, akapelekwa semina, akarudi na begi, daftari kubwa na namna mpya ya kutembea. Nilipokuja kusoma mambo haya ukubwani niligundua kwamba wizara ilikuwa imewaza vizuri: kijiji kipime watoto wake chenyewe, kijue nani anadhoofu, kianze kumsaidia bila kungoja daktari. Halafu yakaja mageuzi, halmashauri zikakabidhiwa afya, na karatasi zikaanza kupanda kutoka kijijini hadi kata, kutoka kata hadi wilayani na huko mbele. Kadiri zilivyopanda ndivyo zilivyosahau mtoto na kukumbuka rangi tu.

Maana kadi zilikuwa na rangi. Mstari wa uzito ukipita kwenye kijani, mtoto yuko salama. Ukishuka kwenye kijivu, aangaliwe. Ukiangukia kwenye nyekundu, ana utapiamlo. Mimi niliidhani ni ripoti ya shule, na wekundu ni wale waliofeli.

Wakubwa nao hawakuwa mbali na fikra hiyo. Siku chache baada ya kupima kulikuwa na mkutano, na majina ya wekundu yalisomwa mbele ya watu wote. Mzazi aliyetajwa alisimama. Sidhani kama wizara ilituagiza hivyo. Jambo lile tulilibuni wenyewe, na nasema kwa aibu kwamba tulilipenda, kwa sababu watu walicheka sana. Msomaji wa majina katika kitongoji chetu alikuwa mwenyekiti wake, na mwenyekiti alikuwa baba yangu.

Sasa mjue kwamba nilikuwa na mdogo wangu, Elia, wa mwaka mmoja na nusu. Mama alipopata mimba nyingine alimwachisha ziwa, na Elia akabaki na ugali wa muhogo na mchuzi. Maharage yaliyokuwepo yaliuzwa. Alianza kuwa mkimya. Nywele zake zilikuwa laini na zikageuka rangi ya kutu, nami nilizipenda, nikazisuka. Kisha miguu yake ikajaa. Niliwatangazia wenzangu kwamba mdogo wangu ananenepa. Nilikuwa nikibonyeza unyayo wake kwa kidole, kishimo kinabaki, na mimi nacheka.

Mama hakucheka. Miezi miwili mstari wa Elia ulikuwa umetembea ukingoni mwa kijivu, karibu kabisa na nyekundu. Asubuhi ya kupima, baba akiwa ametangulia ghalani kupanga watu, mama alivuka ua kwenda kwa jirani yetu, Mama Bukuru, aliyekuwa na mapacha wa rika la Elia, Bukuru na Butoyi, watoto wanene wenye makelele. Walinong'ona kidogo. Mama akarudi na Butoyi, akamfunga mgongoni kwangu.

"Ukiulizwa, huyu ni Elia," aliniambia. "Si uongo, mwana wanje, mwanangu. Ni leo tu, baba yako asipate aibu. Mwezi ujao Elia mwenyewe atakuwa amepona."

Mimi niliona raha isiyo na kifani. Nilikuwa nimeingizwa kwenye siri ya wanawake. Mama Bukuru alitangulia kumpima Bukuru kwa jina lake, kisha Butoyi kwa jina lake, kisha tukazunguka nyuma ya ghala, mama akamvalisha Butoyi shati la Elia na kofia, nasi tukapanga foleni upya. Dada Skola alimpokea, akamwingiza miguu yote miwili kwenye bukta. Butoyi alikuwa na kovu la moto pajani, kubwa, na aliyemfunga bendeji wiki nzima lilipokuwa kidonda ni Dada Skola mwenyewe. Alilitazama kovu. Akamtazama mama. Ndoano ikalia.

"Kumi na robo. Kijani," alisema, akaandika.

Baba, aliyekuwa kwenye mlango wa ghala akituliza foleni, alitabasamu kwa mbali. Sijamwona tena akitabasamu vile.

Wiki mbili baadaye Elia alikuwa amevimba hadi uso na hafumbui macho vizuri. Baba aliomba lifti kwenye lori la mihogo, tukaenda sote hospitalini, kwa kuwa hapakuwa na wa kubaki nami. Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mikoa ya mbali, mpole. Aliichukua kadi kwanza, kama alivyofundishwa. Alifuata mstari kwa kalamu hadi mwisho, ulikopanda juu ghafla.

"Mama, mtoto alikuwa anaendelea vizuri kabisa. Wiki mbili zilizopita alikuwa na kilo kumi na robo. Uvimbe huu umeanza ghafla?"

Mama alimtazama baba, aliyekuwa amesimama pale na kofia mkononi.

"Ghafla, daktari," mama alisema.

Basi daktari akatafuta ugonjwa unaoanza ghafla. Nilisikia akitaja figo. Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikijua kwamba aliyekuwa na kilo kumi na robo ni Butoyi. Nilifunga mdomo kwa fahari. Nilidhani kutunza siri ya mama ndiyo kumsaidia. Siku ya tatu Elia alifariki, akiwa anatibiwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Tulimzika nyuma ya migomba. Mama alijifungua salama, na Dada Skola aliacha kupita njia ya kwetu.

Nimekuwa mtunza kumbukumbu za afya. Sikuichagua kazi hii kwa ajili ya Elia, nisiwadanganye. Nafasi ilitangazwa, nikaomba. Taarifa zilipohamia kwenye kompyuta tuliambiwa tuchambue madaftari ya zamani kabla hayajateketezwa, na katika rundo moja nikakuta daftari la kijiji chetu, kwa mwandiko wa Dada Skola. Nilitafuta jina la mdogo wangu. Kumi na robo, ndiyo. Mwezi uliofuata, tulipokuwa tumekwisha kumzika, kumi na nusu. Halafu kumi na moja. Miezi mitano aliongezeka hivyo, kijani tupu. Mstari wa mwisho ulisema kilo kumi na mbili, anaendelea vizuri.

Nilielewa pale kwamba Dada Skola naye aliogopa. Angeandika kifo, angeulizwa mtoto wa kijani amekufaje, na jibu lingeanza na kovu la pajani. Nilipoteremsha macho chini ya ukurasa nikaona mahali pa sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Kila mwezi baba alikuwa amesaini.

Baba ni marehemu sasa. Nilijipa moyo kwamba alisaini bila kutazama, kama tunavyosaini wengi wetu. Jumapili nilikwenda kijijini, nikamkuta mama anachambua maharage kwenye ungo, nikamweleza yote, hadi zile sahihi. Nikamwambia pia ninavyofikiri, kwamba mzee hakuwa amezisoma kurasa zile.

Mama aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani.

"Baba yako?" alisema. "Baba yako hakuwahi kusaini kitu bila kukisoma."