Aliyeunga Ule Waya

Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana mmoja anayetengeneza simu kwenye upenu wa duka, Mtaa wa Sikukuu. Alipogusisha chuma cha moto kwenye risasi ya kulehemu, moshi mwembamba ukapanda, na ile harufu yake kali yenye utamu kidogo ikanifanya nitafute pa kukaa. Kijana akadhani nimezidiwa na joto, akaniletea maji. Nikayanywa, mawazo yangu yakiwa yameshafika kwenye redio ya Baba.

Baba alikuwa fundi wa redio katika karakana moja ya Mchafukoge, nasi tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili hapa hapa Kariakoo. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na betri zikipatikana mahali watu hunong'onezana kama wezi. Redio mpya dukani ilikuwa ndoto, basi Baba akaunda ya kwetu. Spika aliitoa kwenye redio iliyoungua, bodi kwenye nyingine iliyoangukiwa na kabati, kasha akachongesha kwa seremala kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Mimi, Somoe, nilikuwa na miaka kumi, na ndimi niliyepuliza mkaa uliopasha chuma chake. Huku akilehemu alinifundisha: redio ikinyamaza usibabaike, anza na betri, kisha fuata waya mmoja mmoja mpaka uone umeme umekomea wapi. Msinicheke, nilijiona fundi kamili.

Redio ile iliposema kwa mara ya kwanza, wapangaji wote walijaa ukumbini. Lakini aliyeihitaji kuliko wote ni Mama. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa mgonjwa sana Newala, na masika yalikuwa yameikata barabara ya kusini. Mama mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili zilizoharibika, na mkunga alimkataza hata kuinua ndoo. Kila mchana, taarifa ya habari ilipokwisha na matangazo ya vifo kuanza, Mama aliacha alilokuwa akilifanya, akakaa mkekani kusikiliza majina ya watu. Yakiisha bila jina la Bibi husema, "Alhamdulillahi," akarudi kuchambua mchele.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Baba alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo. Akasema redio inakwaruza, anataka kuitazama. Mimi sikuwa nimesikia mkwaruzo wowote. Akaingia nayo chumbani, na alipotoka nayo ilikuwa bubu.

"Imekufa?" Mama aliuliza.

"Hitilafu ndogo tu, Mama Somoe. Nitaitafuta."

Aliitafuta mchana kutwa. Alianika betri juani, kama tulivyofanya sote siku zile ili zipate nguvu kidogo. Akazirudisha, kimya. Akapuliza vumbi, akalehemu upya viungo ambavyo mimi niliviona vizima. Ijumaa asubuhi akaanza tena. Mama alikuwa akija mlangoni, mkono kiunoni, anatazama, anaondoka. Sijapata kumwona Baba mnyonge namna ile. Mikono iliyozoea kufufua redio za watu ilikuwa imeshindwa na redio yake mwenyewe.

Mama Ndeshi, mpangaji mwenzetu kutoka Kilimanjaro, hakumwonea huruma.

"Baba Somoe, fundi mzima unashindwa na boksi la mbao! Si utupe tufugie kuku?"

Baba akazidi kuinamia bodi. Mama akamwomba Mama Ndeshi redio yake, akaambiwa betri zimekwisha. Za mzee wa chumba cha mbele nazo zimekwisha. Niliona ajabu betri za nyumba nzima kwisha siku moja, ila akili yangu yote ilikuwa kwa Baba. Nilitamani kulia. Nikaamua nimsaidie.

Adhuhuri ile ya Ijumaa Baba alikwenda msikitini, Mama akawa uani anafua. Nikafungua kasha kwa bisibisi yake. Nilianza na betri, kama nilivyofundishwa. Nilizigusisha kwenye spika kwa nyaya mbili, spika ikatoa mlio mdogo. Basi betri nzima, spika nzima. Nikafuata waya. Chini ya bodi, mahali ambapo mkono haufiki bila kukusudia, waya mwekundu unaotoka kwenye swichi ulikuwa umekatwa. Haukuungua wala haukung'oka. Ulikatwa kwa koleo, ncha zote mbili safi. Nikashangaa fundi kama Baba amelipitaje jambo jepesi hivyo. Nikazisokota ncha pamoja, nikazifunga kwa plasta, nikarudisha kifuniko na kuwasha.

"Mama! Imepona!"

Mama alikuja mbio mbio na tumbo lake, mikono imejaa povu, anacheka. Taarifa ya habari ilikuwa inamalizika. Akakaa mkekani. Jina la tatu lilikuwa la Bibi. Mjomba wa Newala anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari ziwafikie dada yake na shemeji yake, Kariakoo, Dar es Salaam.

Mama hakupiga yowe. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuizima, hakuifikia, akabaki hivyo hivyo. Kisha akasema taratibu, "Somoe, niitie Mama Ndeshi."

Baba alipofika alisimama mlangoni na kanzu yake. Aliitazama redio, akamtazama Mama, akaiona bisibisi mkononi mwangu. Akaichukua, akaitia mfukoni.

"Nani kaitengeneza?" Mama Ndeshi alifoka. "Baba Somoe, si tulielewana?"

"Mimi," Baba alisema. "Niliiunga kabla sijaenda kuswali. Mtoto kaiwasha tu."

Nilipandwa na hasira zisizo na mfano. Kazi yangu, waya nimeuona mimi, nimeufunga mimi, na yeye anajitwalia sifa mbele ya watu! Jumamosi Mama alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kiume. Tulikaa naye siku mbili. Hata katika msiba ule nilikuwa bado nimenuna, na miezi mingi baadaye nilikataa kumpulizia Baba mkaa.

Mama hakuwa mtu wa kelele. Ila miaka ilipita, na mara moja moja, tukiwa tunakula au anakunja nguo, alimwuliza Baba, "Hivi ulikuwa na haraka gani na ile redio?" Baba alijibu neno moja siku zote: "Nisamehe."

Baba alipofariki nilikuwa na watoto wangu mwenyewe. Ni pale matangani Mama Ndeshi aliponiambia kwamba Alhamisi ile asubuhi telegramu ya Mjomba ilifika karakana, na Baba akapita chumba kwa chumba kuwaomba watu wazime redio zao mpaka Mama ajifungue. "Alinituma hata nimcheke," akasema. "Kwa nini akaiunga mwenyewe, mpaka leo sielewi."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamjazia chai, nikanyamaza. Mama alikuwa amekaa chumba cha pili, mlango wazi, hatua nne tu kutoka nilipo. Aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo, akafa akijua kwamba ni Baba aliyeunga ule waya.