Biblia ya Akina Bledsoe, Pamoja na Piano

Vashti alikufa mwezi wa tatu, na dada yake Ozella Tarry akaikomba nyumba yake kama alivyokomba nyumba za watu wengine maisha yake yote: sahani kwanza, vitanda mwisho. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Mtu akifa, au wanawe wakimpeleka nyumba ya wazee, simu inapigwa kwa Ozella. Naye huja na lori, hupita chumba kwa chumba mikono nyuma, hutaja bei moja ya kila kilichomo, na kufika jioni ukikohoa mle ndani nyumba inakujibu. Hakuna mtu upande wote wa kusini mwa Virginia, mweusi wala mweupe, aliyewahi kujisifu kwamba alimpunja.

Watu wa kanisani walileta nyama ya paja la nguruwe, makaroni na keki za kutosha harusi. Wakamwambia alie, atapata nafuu. Akawajibu kwamba atalia akipata nafasi. Hakuwa anajikaza. Ndani mlikuwa na ganzi tu, kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua upo, lakini ukiufinya ni kama unafinya wa mtu mwingine.

Katika nyumba ya Vashti kitu kimoja hakikupandishwa lorini, nacho ni karatasi ya ukoo. Vashti aliichora miaka ishirini. Ozella alizoea kumtania, "Wewe unatafuta maiti, mimi natafuta vyombo vyao. Nani anakula hapo?" Vashti hujibu, "Unakula wewe, ila usingizi naupata mimi."

Karatasi ilipanda vizuri hadi kwa Moses Tarry, aliyeandikwa kwenye sensa ya kwanza baada ya vita vya kukomesha utumwa, na juu yake mama yake, Dicey. Kupita hapo palikuwa peupe. Watu weusi wa kaunti ile, kabla ya uhuru, unawapata mahali pawili: kwenye wosia wa waliowamiliki, kati ya vitanda na ng'ombe, na kwenye Biblia za familia za watu haohao. Vashti alitegemea kitabu cha muhtasari wa wosia za kaunti, kilichopigwa chapa na wapenda historia fulani. Humo wosia wa Thomas Bledsoe, wa mwaka 1821, ulifupishwa hivi: kwa binti Lucy Pettus, msichana Dicey. Basi Vashti akawaandama akina Pettus. Madeni yao, kodi zao, minada yao, mpaka makaburi yao. Miaka kumi na moja, na Dicey hayumo. Akafa hajui msichana yule aliishia wapi wala nani alimzaa.

Mwezi wa saba Charmaine, binti wa Vashti, akapiga simu.

"Mama mkubwa, mkutano wa ukoo ni Agosti. Tunaichapa karatasi ya mama kwenye kitambaa, ukuta mzima wa ukumbi wa kanisa. Fundi anaitaka Jumatatu. Pale juu ya Dicey niweke nini?"

"Weka alama ya kuuliza."

"Mama aliapa haitachapwa kamwe ikiwa na alama ya kuuliza."

"Basi angesubiri kwanza ndipo afe."

Charmaine alimjua mama yake mkubwa, hakuudhika, lakini hakukata simu pia. Hilo ndilo lililomshinda Ozella. Akasema, "Nina karatasi za mirathi za kupeleka mahakamani kesho. Nitaangalia. Sikuahidi kitu."

Kesho yake, alipomaliza mambo ya mirathi, alishuka chumba cha kumbukumbu akaomba kile kitabu cha muhtasari. Karani akamwambia kimepelekwa kushonwa upya, majani yalikuwa yanadondoka. Akaletewa badala yake daftari lenyewe la wosia, la mkono, zito kama gunia la simenti. Ozella hakuwa msomaji, ila miandiko ya marehemu alishaizoea kwenye masanduku yao. Akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika.

"Namwazima binti yangu Lucy Pettus kijakazi Dicey, pamoja na uzao wake wa baadaye, maadamu yu hai huyo binti yangu, na akifa, warudi kwenye mali yangu wagawanywe kwa wanangu waliobaki."

Akarudia neno la kwanza. Namwazima.

Swali la kwanza ambalo Ozella huuliza kwenye mlango wowote ni hili: humu ndani, kipi si chenu? Aliwahi kuburuzana na ukoo mmoja mwaka mzima kwa ajili ya jiko lililokuwa la jirani. Kitu cha kuazima hakihesabiwi na nyumba. Kinakaa, kinatumika, kinachakaa, na mwenye nyumba akifa kinarudi kwao. Dicey hakuwa wa Pettus hata siku moja. Waliofupisha wosia ndio walioandika "kwa" wakaendelea na safari yao, na Vashti akamaliza miaka kumi na moja akimtafuta mtu katika nyumba alimokuwa wa kuazima tu.

Ozella akafunga daftari, akauliza choo kiko wapi.

Sasa, akina Bledsoe, alikopaswa kurudi Dicey, walibaki na mtu mmoja, Harwood, mzee mjane mwenye miaka themanini na kitu. Alikuwa amempigia Ozella mara mbili tangu masika amkombee nyumba, kwa sababu anahamia nyumba ya wazee na Ijumaa ni kukabidhi funguo. Ozella hakumpigia, kwa kuwa alishasikia habari za piano. Siku hizi piano ya zamani ni ugonjwa. Huwezi kuiuza, huwezi kuigawa, na kuitupa unalipia. Mchana huo alikwenda yeye mwenyewe, na Cleotis dereva wake.

"Ah, Ozella," mzee alisema mlangoni. "Nilidhani umeshatajirika, hutaki tena vitu vyetu."

"Nilifiwa, Bwana Bledsoe."

"Nilisikia. Pole sana. Ingia."

Akapita vyumba mikono nyuma. Kabati la vyombo zuri, la mbao za mti wa jozi. Saa mbovu. Piano, kubwa, nyeusi, imejaza sebule kama ng'ombe aliyelala. Hakuiangalia mara ya pili. Juu yake ndipo palipokuwa na Biblia.

"Hiyo haimo," mzee akawahi. "Ilitoka kwa Thomas Bledsoe mwenyewe."

"Sijaigusa. Naomba niifungue tu."

Mzee akakubali kwa kichwa. Katikati, baina ya Agano la Kale na Jipya, zilikuwepo kurasa za familia: ndoa, vizazi, vifo vya akina Bledsoe, pembe zimekuwa kahawia kwa vidole vya watu. Ozella akazipita. Nyuma kabisa, baada ya Ufunuo, palikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa. Juu, farasi waliozaliwa. Chini yao, watu.

"Huo hatukuwa tukiusoma," mzee alisema taratibu.

"Naona. Ndio msafi kuliko zote."

Dicey wa Sukey, kazaliwa Februari 1807. Halafu kwa wino mwingine: Dicey karudi toka kwa Pettus, 1838, na watoto wanne. Dicey na Moses kwa Edwin. Anaka kwa Martha. Peter na Sukey mdogo kwa William, Alabama.

Aliusoma kama anavyosoma kibandiko cha bei. Akasubiri, huenda kitu kikamjia. Alichoona ni kwamba mwandishi alikuwa na mkono mzuri.

"Amepatikana uliyekuwa ukimtafuta?" mzee akauliza.

"Alitafutwa na dada yangu. Ndiyo, yumo."

"Basi chana ukurasa huo uende nao. Mimi sitausoma."

"Ukurasa uliochanwa hauna mama, Bwana Bledsoe. Mtu yeyote atasema nimeuandika mwenyewe jikoni kwangu. Naitaka nzima."

"Nimeshakwambia haiuzwi."

"Wala sijakutajia bei. Nauliza tu: piano anaichukua nani?"

Mzee akaiangalia piano, akaangalia dirisha.

"Kuna watu waliahidi."

"Wangapi wamekuja?"

"Watatu."

"Na ipo."

"Kanisa lenu je, hawahitaji?"

"Wana mbili. Moja wanaiwekea makoti." Ozella akakaa bila kukaribishwa, maana alijua hapo pana dakika chache za kazi. "Ijumaa wenye nyumba wapya wakiikuta, watakukata gharama za kuitoa, na watachagua wao wa kumlipa. Mimi naitoa leo. Kurasa zenu zote nakupigia picha na kuzitia kwenye fremu. Huko unakokwenda chumba ni kidogo, ukutani zitakaa vizuri kuliko kitabu hiki chini ya kitanda."

"Baba angenikana."

"Baba yako ndiye aliyenunua piano."

Mzee akacheka kwa pua, mara moja, bila kutaka. Nje, Cleotis akaanza kupiga mluzi.

"Haya, Ozella. Chukua."

"Bibi Tarry."

"Nini?"

"Tangu nipige hodi nakuita Bwana Bledsoe."

Hakuwa na hasira. Mapatano yalikuwa yamekwisha, na mnunuzi yeyote mwenye akili hapo ndipo huomba nyongeza. Mzee akatafunatafuna mdomo mtupu, macho kwenye zulia.

"Chukua, Bibi Tarry."

"Asante, Bwana Bledsoe."

Cleotis alipoambiwa kuhusu piano alivua kofia, akaivaa tena. "Bosi, umelogwa?"

"Ita wenzako. Na usiipitishe mlango wa mbele, ngazi zimeoza."

Alimpigia Charmaine akiwa ameketi lorini, Biblia mapajani. Akamsomea neno kwa neno, na lile la wosia pia, la kuazima. Upande wa pili Charmaine akaanza kulia, kilio cha kujizuia, halafu cha kutojizuia. Ozella akawatazama wanaume watano wakiishusha piano kwa ubao.

"Mama mkubwa, nawe unalia?"

"Hapana. Andika. Juu ya Dicey weka Sukey. Pembeni ya Moses weka Anaka, Peter, Sukey mdogo."

"Fundi alisema nafasi ni ya majina mawili tu. Hawaenei."

"Apunguze herufi zetu huku chini. Sisi watu wanatujua."

Karatasi zikachakarika. "Nimeandika. Na chini ya Peter, huko Alabama, niweke nini?"

"Alama ya kuuliza."

"Lakini mama aliapa..."

"Mama yako hakumjua Peter," Ozella alisema. "Weka, mwanangu. Fundi anakungoja."