Karoti Zangu na Farasi wa Vestine

Enzi zetu sisi, suruali ya kupandia farasi haikununuliwa dukani. Ilishonwa Mbugangari, mtaa wetu pale Gisenyi, kwenye kibaraza chetu, na aliyeishona ni baba yangu, kwa kitambaa cha pazia kilichobaki kwenye kazi ya hoteli moja ya ufukweni. Kitambaa kilikuwa na rangi ya mchanga, na ukitazama vizuri uliona maua madogo yaliyofifia kwenye makalio ya kila mpandaji. Sisi hatukuona cha kuchekesha hapo. Tulikuwa watoto wanne tu mji mzima tuliopanda farasi, na tulijiona wakubwa kuliko meya.

Wa leo wana suruali za kunyumbuka, kofia nyepesi za kila rangi, na vikinga-kifua kana kwamba wanakwenda vitani. Farasi akipiga chafya, mama mtu ameshatoa simu anarekodi. Sisi tulivaa kofia za pikipiki. Yangu niliazimwa na mjomba, ambaye alikuwa dereva wa pikipiki, na ilinuka mafuta ya nywele ya abiria wote wa Gisenyi. Nawaonea wivu watoto hawa, sifichi. Lakini wivu wangu mkubwa ni wa zamani zaidi, nao una jina. Unaitwa Vestine.

Mwenye farasi alikuwa mzee mmoja aliyerudi kutoka Uganda. Tulimwita Afande ingawa hakuwahi kuwa askari. Ni ile sauti yake tu. Alikuwa na farasi wawili, na mwaka ule akaamua kuunda timu ya watoto ya kuruka viunzi, ishindane na watoto wa Kigali mwisho wa msimu. Ndugu wawili, watoto wa polisi, walipewa dume mzee mvivu aliyeruka pale tu alipojisikia. Mimi niliingia kwa sababu baba alikubali kushona suruali za timu. Vestine aliingia kwa sababu baba yake, mfugaji wa Mudende, alikubali farasi wachungwe kwenye malisho yake kila mwisho wa juma. Sisi wasichana wawili tukapewa farasi mmoja, jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Afande alimpa jina la Malkia.

Vestine hakumwita Malkia hata siku moja. Alimwita Gaju, jina ambalo watu wa ng'ombe humpa ng'ombe mwenye rangi ile, na alimtendea kama ng'ombe hasa. Alimkuna chini ya shingo. Alimsifia uzuri wake kwa Kinyarwanda, polepole, kwa ile sauti ya kuimba puani wanayoimba watu wa kwao wakati wa kukamua. Afande alimkemea kila siku kwamba huyu si ng'ombe. Vestine aliitikia ndiyo Afande, halafu akaendelea.

Mimi nilikuwa na karoti. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufanya mazoezi kwenye mchanga wa ziwani, nilichomoa karoti kwenye kikapu cha mama na kuificha ndani ya soksi. Mama akawa anasimama mlangoni na kutangaza, bila kumtazama mtu, "Mu nyumba hii iko panya ya miguu mbili." Baba alicheka, sindano mdomoni. Nilikwenda mbio hadi ziwani, wavuvi wa sambaza, dagaa wa kwetu, wakiwa bado wanakunja nyavu, nikampa farasi karoti yangu mkononi, akaitafuna yote mpaka majani, midomo yake ya joto ikinitekenya kiganja. Halafu alisikia kwenye njia sauti ya Vestine, ambaye siku za shule alikaa mjini kwa shangazi yake, akageuza masikio, akaondoka. Hivyo hivyo msimu mzima. Anakula karoti zangu, anamfuata Vestine.

Niseme ukweli, roho iliniuma. Nilikuwa namzidi Vestine kwa kila kitu ambacho Afande alitufundisha. Mgongo wangu ulikuwa wima, visigino chini, mikono imetulia. Vestine alikaa ameinama mbele kama mtu anayechungulia kisimani. Mimi nilijua kuhesabu hatua za farasi kabla ya kiunzi. Yeye hakuhesabu chochote. Lakini mimi nikiwa juu, Malkia aliangusha fito. Yeye akiwa juu, alipita kama vile hakuna kitu chini yake. Nilimuuliza mara moja anafanyaje. Akanijibu, "Mi simuendeshe, Zaina. Mi namusemesha tu." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikakataa kula.

Jumamosi tulifanya mazoezi Mudende, kule juu mlimani. Tulipanda nyuma ya lori lililokuwa linarudi kuchukua viazi, tukiwa tumekaa juu ya magunia matupu, baridi ikitukata masikio. Viunzi vyenyewe vilikuwa miti ya mikaratusi iliyolazwa juu ya kreti za bia. Kiunzi cha mwisho ndicho kilichotutisha: ukuta wa mbao uliopakwa rangi nyekundu. Malkia aliuchukia ukuta ule. Tukimaliza, mama yake Vestine alitupa mtindi na viazi vilivyochomwa na maganda yake, na moshi ulioingia kwenye suruali alizotushonea baba haukutoka mpaka msimu ulipokwisha. Sijala tena viazi vyenye utamu namna ile. Hata hivyo nilikuwa nakula huku nikimtazama Vestine anavyokula, nikijiuliza kwa nini Mungu ampe mtu mmoja ng'ombe, mtindi, na farasi pia.

Shindano la mwisho wa msimu lilipangwa kufanyika hapo hapo Mudende, kwa vile Kigali hawakuwa na majani kama yale. Kila timu ilitakiwa kutoa farasi wawili na wapandaji wawili. Maana yake mmoja kati yetu angepanda na mwingine angesimama nje ya kamba. Sikulala vizuri wiki nzima. Baba alinishonea suruali mpya, safari hii bila maua, akanipima mara mbili na kusema, "Mutoto ya fundi haendake mbele ya watu na suruali ya kuvutavuta." Niliikunja nikaificha chini ya mto, maana Afande alikuwa hajachagua.

Alichagua siku yenyewe, asubuhi, mbele yetu wote. Akasema, "Zaina ndiye anapanda. Majaji wanaangalia mkao." Niliruka kwa furaha kabla hata sijaruka kiunzi. Vestine alinifungia mkanda wa kofia. Alikuwa anatabasamu, na hilo nalo liliniudhi. Nilitaka aone uchungu kidogo, kama nilioona mimi.

Watoto wa Kigali walikuja na buti za ngozi zinazong'aa, tukawaonea wivu wote wanne kwa pamoja. Lakini farasi wao hawakuzoea uwanja wenye mashimo, nao waliangusha fito nyingi. Dume wetu mzee siku hiyo alijisikia, akaangusha moja tu. Ikabaki mimi. Kama ningemaliza bila kuangusha na bila farasi kugoma, kombe lingebaki kwetu, wilayani Rubavu. Tuliruka cha kwanza, cha pili, tukazunguka kwenye uzio wa ng'ombe, tukaruka vingine vyote. Sijawahi kupanda vizuri vile maishani mwangu. Nilisikia watu wa Mudende wakipiga makofi, na nilimwona baba amesimama juu ya kreti, futi yake ya kupimia bado shingoni.

Halafu tukageukia ukuta mwekundu, na Malkia akauona. Nilisikia mwili wake wote unakakamaa chini yangu. Kichwa kikapanda, hatua zikafupika. Nilifanya yote niliyofundishwa, miguu, mikono, mgongo, na bado nilijua kabisa kwamba anagoma.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nje ya kamba. Ilikuwa ile sauti ya puani, ndefu, ya taratibu, wala haikupigwa kwa kelele. "Gaju weee. Gaju, mwiza wanjye." Gaju, mrembo wangu. Masikio ya farasi yakageuka upande ule. Mgongo wake ukalegea, na tukapaa.

Kusaidiwa na mtu wa nje hakukuruhusiwa. Nilishuka nikingoja majaji waseme tumefutwa. Walikuwa wanaandika tu. Baadaye Afande, akijizuia kucheka, alitueleza kwamba mmoja wao alimuuliza kama wenyeji hawawezi kungoja dakika chache kabla ya kuita ng'ombe wao. Kwa kweli ng'ombe watatu walikuwa wamesogea mpaka kwenye kamba.

Nilipewa kombe. Baba alilibeba juu ya kichwa. Nilipogeuka kumtafuta Malkia nimshukuru, nilimkuta amelaza kichwa kwenye bega la Vestine, amefumba macho. Vestine alinitazama akasema kwa upole, "Ulikaa muzuri sana, Zaina. Mi nilimuambia tu asiogope." Bora angenitukana. Kombe liliwekwa juu ya kabati la nguo la mama, na wageni wote walisimuliwa habari zake. Kila lilipotajwa, mimi niliisikia ile sauti.

Msimu haukurudi. Afande aliuza farasi, akahamia kwa wanawe, na sisi tukakua. Siku hizi farasi wamerudi mjini, na uwanja una mchanga laini ulioletwa na malori, na fito zimepakwa rangi kiwandani. Mwalimu wao ni Vestine. Bado anakaa ameinama mbele. Binti yangu Hidaya ni mmoja wa wanafunzi wake, anamwita Tantine, yaani shangazi, na nyumbani kwangu siku haipiti bila Tantine amesema hivi, Tantine amesema vile.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama Hidaya. Alikuwa juu ya farasi wa kijivu, na mbele yake ukuta. Farasi akafupisha hatua. Nilimtazama Vestine haraka nione kama ataimba. Alikuwa amefunga mdomo, mikono mgongoni. Aliyeimba ni Hidaya, mtoto wa Kiislamu wa mjini ambaye hajawahi kukamua hata mbuzi, kwa sauti ile ile ya puani, ya taratibu. Wakapaa. Akina mama wote wakarekodi, na mimi machozi yakanitoka, sehemu kwa furaha.

Mazoezi yalipokwisha nilimsogelea yule farasi wa kijivu. Nilikuwa na karoti ndani ya mkoba, hata sijui kwa nini niliichukua nyumbani. Aliipokea vizuri, akaitafuna yote mpaka majani, midomo yake ya joto ikinitekenya kiganja. Hidaya alisimama karibu yangu akifuta jasho, na nilikuwa naanza kumsimulia habari za kombe. Vestine akatuita kutoka getini kwamba maji ya farasi yako tayari. Farasi akageuza masikio, akaondoka. Binti yangu naye akaondoka, hakungoja nimalize sentensi.

Enzi zetu, angalau, Vestine alinichukulia farasi tu.