Ski za Grevilea Kule Buhinyuza

Mume wangu ni seremala wa Magarama, mjini Gitega, hapa Burundi, na hajawahi kuona theluji. Lakini msimu wa mashindano ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ukifika, akishasali adhuhuri huwasha televisheni ya karakanani, na mteja aliyekuja kuulizia kitanda chake huambiwa angoje mbio ziishe.

Mwanzoni nilidhani anapenda mwendo kasi. Kumbe alikuwa anatazama mbao.

"Ona, mama watoto," aliniambia siku moja, kidole chenye gundi kikigusa kioo. "Hii iko desanti, wanashuka mbio sana, ndiyo maana ski iko ndefu. Ile ingine iko slalomu, wanazungukazunguka fimbo, ski iko fupi. Lakini zote ziko na kiuno."

Kweli, zilikuwa nyembamba katikati, zimepanuka mbele na nyuma. Akanieleza kwamba mtu akiilaza ski ubavu, mkato ule wa pembeni ndio unaompindisha. Kiuno kikiingia ndani zaidi, kona inakuwa fupi. Siku aliposikia kwamba ndani ya ski nyingi za mashindano, chini ya bati na plastiki, bado kuna mti, alifurahi kama aliyepata habari za ndugu yake.

Basi akaanza kutengeneza zake. Alipasua mti wa grevilea, akagundisha vipande vyembamba, na ncha akazikunja kwa mvuke wa sufuria yangu ya maharagwe.

"Utaziteleza wapi?" nikamuuliza.

"Kwenu. Kule iko mlima mzuri wa majani."

Nilishtuka. Kwetu ni Buhinyuza, mkoani Muyinga. Wazazi wangu ni wakulima, watu wa kanisa, waliokulia Tanzania kabla ya kurudi. Baba hakufurahi nilipoolewa na Mwislamu. Hakuwahi kumgombeza mume wangu. Alimwita "bwana", akampa kiti cha wageni, wakazungumza habari za mvua mpaka tukaaga. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Tulifika kiangazi, nyasi za mteremko nyuma ya nyumba zimekauka. Mume wangu alisugua nta ya mshumaa chini ya ski, akafunga viatu kwa mpira wa tairi. Baba na mama walisimama uani wakitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Akateleza kweli! Alishuka wima, mikono imetanuka, uso unang'aa. Palipotakiwa kona hakupinda. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mihogo ya mama, akapotea humo.

Nilisikia sauti nisiyoijua nyuma yangu. Baba alikuwa anacheka, ameshika magoti.

"Ulitaka kupinda wapi?" alimwuliza alipomfikia.

"Pale juu, baba. Imekataa."

"Imekataa kwa nini?"

Mume wangu, majani yamemjaa nyweleni, akaanza kumweleza habari za kiuno. Baba akachuchumaa, akaigeuza ski, akauliza hili na lile. Jioni niliwakuta uani, mmoja ameshikilia ubao, mwingine anapiga randa kuchimba kiuno zaidi. Mama aliendelea kulalamikia mihogo yake, lakini aliwapelekea chai.

Kesho yake baba alitoka kanisani, akabadili nguo, akachomeka mteremkoni vijiti vya kupandishia maharagwe. Mume wangu alikizunguka cha kwanza. Cha pili kikamwangusha.

"Mwanangu!" baba alipiga kelele huku akikimbia. "Umepinda! Nimeona umepinda!"

Mume wangu alibaki amelala kwenye nyasi, akiniangalia mimi, kuhakikisha kama nami nimelisikia neno lile la kwanza.

Siku hizi, msimu wa mbio ukifika, baba hupiga simu. Hana televisheni, kwa hiyo mkwe wake humsimulia kila mkimbiaji, anashukaje, amevaa ski gani. Mimi husalimiwa mwishoni, vocha ikikaribia kwisha.